Lango la Sebuleni

Alhamisi asubuhi Verna alimwagilia mti wake chai iliyobaki kwenye birika, akageuza ndoo kidogo ili majani yote yapate zamu ya dirisha, kisha akavua soksi kwa sababu zulia lilikuwa limelowa tena. Alidhani ni friji. Friji yake ilikuwa na tabia hizo. Akapiga magoti, akachungulia chini ya kochi, akaona maji yanapita, safi na ya baridi, juu ya kokoto za kijivu ambazo hakuzinunua yeye.

"Haya," alisema, akaenda kutafuta ndala.

Mti wenyewe ulikuwa mharagwe mweusi, ule wa misituni unaoota kando ya vijito na kupita paa la kanisa kwa urefu. Mjini Innisfail, alikoishi Verna, miche yake huuzwa dukani ikiwa midogo kama kikombe, na utepe mwekundu shingoni, eti inaleta bahati ofisini. Wa Verna haukununuliwa. Baada ya mafuriko ya Februari alikuta ganda limenasa kwenye chuma cha daraja la barabara kuu, pale Kijito cha Maili Saba kinapopita. Huko juu kijitoni umebaki mharagwe mmoja tu, na Verna alizaliwa chini yake. Alipasua ganda kwa kisigino, akachukua mbegu moja nene kama kisigino cha mtoto, akaitia kwenye sidiria, ambako wanawake wa ukoo wao huweka vitu vyote vya maana, na kurudi nyumbani kwa basi.

Aliipanda kwenye ndoo ya rangi aliyoitoboa tako kwa msumari. Hakuizika yote. Nusu aliiacha juu ya udongo, kwa kuwa mbegu hiyo ukiifunika kabisa inaoza kwa hasira. Baada ya wiki chache ilipasuka katikati kama andazi, chipukizi likatoka. Angependa kuipanda nje, lakini zile ni nyumba za serikali, na ukutani pameandikwa kwamba mpangaji haruhusiwi kuchimba uwanja. Kwa hiyo mti uliozoea kukaa msituni ukakaa kati ya televisheni na dirisha.

Haukulalamika. Miti ya aina hiyo ikiwa michanga husubiri kivulini miaka na miaka mpaka mti mkubwa mmoja uanguke. Sebule ya Verna ilikuwa na kivuli cha kutosha. Mwaka wa kwanza mti ulifika kwenye dari, ukainama kwa adabu, ukaendelea kwa ubavu. Mwaka wa pili ulitoa maua mekundu yenye rangi ya chungwa kwenye shina, na ndege wakawa wanaingia kupitia dirisha la jikoni, wanafyonza na kutoka bila kugusa mkate. Kwa kawaida mharagwe mweusi huchukua miaka minane au zaidi kufika hapo. Huu ulikuwa na haraka zake.

Kijito kilikua pia. Mwisho wa wiki kilifika kwenye vifundo vya miguu, mwisho wa mwezi kikafika chini ya magoti. Kilitokea chini ya kochi, kikavuka sebule, kikaingia ukutani chini ya picha ya timu ya raga. Jirani wa ukuta huo hakuona hata tone.

Idara ya nyumba ilimleta kijana mmoja, Jaxon, mwenye viatu vipya. Alisimama mlangoni akatazama.

"Hapa kuna unyevu, Bi Verna."

"Kuna na kobe."

"Kobe si idara yetu." Jaxon aliandika neno moja. "Umejaribu kufungua madirisha?"

Verna alisema hayajawahi kufungwa. Jaxon akaahidi kumtuma mtu wa unyevu. Kabla ya kuondoka alikunja suruali, akanawa uso kijitoni, kwa sababu siku hiyo palikuwa na joto la kuchemsha ubongo.

Jumamosi Verna alivuka mto mkubwa kwenda kumwona dada yake Ivy, aliyekuwa katika nyumba ya wazee. Ivy alikuwa amekaa na mto wa shingo, anakula biskuti bila meno.

"Dada, kijito kimekuja."

"Kipi?"

"Cha Maili Saba. Kiko sebuleni."

Ivy alitafuna kwanza, akameza. "Kinapita wapi?"

"Kinatokea chini ya kochi, kinaingia chini ya picha ya raga."

"Lile kochi baya?"

"Ni kochi zuri."

"Baya. Limekaa kama nguruwe aliyevaa gauni. Maji yana nguvu?"

"Yamenichukulia ndala moja."

"Basi yanatosha," Ivy alisema. "Na mti umezaa?"

"Maganda matano."

Ivy aliiweka biskuti chini.

Mbegu za mharagwe mweusi ni sumu. Ukila mbichi utatapika mpaka umwite bibi yako aliyekufa. Lakini ukizipika kwa mvuke, ukaziparua nyembamba kwa ganda la konokono, ukazitia kwenye kikapu na kukilaza katika maji yanayokwenda, sumu huondoka na maji na unabaki na unga wa kuoka mkate. Zikae siku ngapi? Hakuna anayeweza kukwambia. Mvua ikinyesha ni chache, ukiparua nene ni nyingi, na kila kijito kina mwendo wake. Kinachojua ni ulimi. Mama yao alikuwa akichota chembe, anaweka mdomoni, anatema, anasema "bado," mpaka siku moja hatemi.

Mama alikuwa ameanza kumfundisha Ivy. Verna alikuwa mdogo, zamu yake haikuwa imefika. Kisha lori la serikali lilikuja likawabeba watu wote wa kijitoni kuwapeleka kwa wamisionari, ambako chakula kilikuwa unga mweupe, na ardhi ile ikawa malisho ya ng'ombe yenye lango. Waliobaki wakiukumbuka ule mkate walikuwa wachache, wakafa mmoja mmoja. Sasa ulimi uliobaki ulikuwa wa Ivy, na daktari alikuwa ameshawaita ndugu kuzungumza nao kwa sauti ya chini.

Si kwamba hawakujaribu. Binamu yao Leston aliwahi kutia mfuko wa mbegu kwenye tangi la choo, akisema kila mtu akivuta maji mbegu zinaoshwa, na familia yake ni kubwa. Hesabu ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kile kidonge cha buluu cha kunukisha choo, ambacho hakuna aliyemwambia mkewe akitoe. Maji ya bombani nayo yana dawa. Ivy alionja mara moja tu, akasema ulimi wake umeona bwawa la kuogelea, hauoni mbegu.

"Nikifa," Ivy alisema, "utakuwa unaonja nini?"

"Sijui, Dada. Ndiyo maana nimekuja."

"Loweka. Nitakuja kulala kwako."

Leston alileta kikapu cha henzerani alichokisuka mwenyewe, kilichokaa kama kofia iliyokaliwa na mtu mzito. Alileta pia kisu cha kumenyea viazi, Verna akamtazama tu, naye akakirudisha mfukoni na kwenda kutafuta konokono. Waliparua mchana kutwa mezani jikoni. Jioni Verna alikilaza kikapu katikati ya kijito, mbele ya kochi, akakifunga kwa kamba kwenye mzizi wa mti, maana mizizi ilikuwa imeshatoka kwenye ndoo na kushika kingo.

Siku ya pili yake mwanamume mmoja alishuka na kijito kutoka upande wa kochi, amevaa mabuti na kofia mkononi. Alikuwa Sal Berlando, mwenye yale malisho ya kijitoni. Walijuana tangu utotoni. Baba yake Verna alikata miwa ya baba yake Sal.

"Samahani kuingia hivi, Verna. Sikuona mahali pa kupiga hodi."

"Kaa, Sal. Chai?"

Sal akakaa kwenye kochi. Alieleza kwamba kule kwake, kwenye kona ya kijito, siku hizi nyasi zinakwisha na zulia linaanza. Yeye binafsi hakuwa na neno. Ila ng'ombe wake wawili walikuwa wameanza kulala zuliani kutazama televisheni, na maziwa yamepungua.

"Nitazima mchana," Verna alisema.

"Wanapenda zaidi habari za saa moja." Sal akanywa chai. "Sikiliza, dada yangu. Jambo lenyewe ni bima."

Mpima ardhi, aliyetumwa na watu wa bima, alikuja Jumatano na mtambo wake wa miguu mitatu. Alipima asubuhi nzima, akiomba radhi kila alipopita mbele ya televisheni. Ikaonekana kwamba ukuta wa jikoni, meza na televisheni viko Innisfail, lakini kijito, mti na kochi viko kwenye malisho ya Bwana Berlando, mwendo mrefu wa gari kutoka pale. Alipigilia kigingi cha waridi zuliani. Verna akamuuliza kama ana hakika. Akasema mtambo ule haujawahi kukosea.

Idara ya nyumba ikampa Verna onyo kwa kosa la kuacha fanicha nje.

Lango liliwekwa mchana uleule, la mabati ya mabomba, la kutoka ukuta hadi ukuta, na kibao cha kukataza watu kuingia. Sal alilifunga kwa kufuli yeye mwenyewe, uso umemshuka.

"Baba yangu asingefunga," alisema.

"Baba yako ndiye aliyeweka lango la kwanza, Sal."

"Ndiyo, lakini lile lilikuwa la ng'ombe." Akafikiri. "Mimi ningekuacha upite usiku na mchana. Ukiteleza ukavunjika nyonga kwenye ardhi yangu, je? Wananimaliza. Ni bima, Verna."

"Kikapu changu kiko huko."

"Ukikihitaji, niite. Nakuja, nafungua, unachukua, nafunga."

Akaondoka kwa njia ya majini, akiwaswaga ng'ombe wake mbele. Tangu siku hiyo Verna alitazama televisheni kutoka kiti cha jikoni, na kochi likawa linamtazama yeye.

Jumapili Ivy aliletwa na gari la nyumba ya wazee, akakokotwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mbele ya lango. Alilitazama juu mpaka chini. Kisha akatazama maji, mti, na maganda yaliyobaki yakining'inia juu ya kochi.

"Ndicho chenyewe," alisema. "Kile kijiwe kilikuwa cha Mama kukalia. Nani kafunga?"

"Sal Berlando."

"Mwite."

Leston alipiga simu. Simu ya Verna mwenyewe ilikuwa imebaki juu ya kochi. Mke wa mtoto wa Sal akajibu kwamba wote wako Mareeba kwenye harusi, kuna kelele sana, na ufunguo uko kwenye suruali ya Sal, na Sal yuko ndani ya suruali anacheza. Watarudi kesho jioni.

"Kesho jioni zitakuwa zimeoshwa zikaisha," Ivy alisema. "Utakula karatasi. Ruka, Verna."

"Nina goti, Dada."

"Leston, ruka."

Leston alikuna kichwa. Aliwahi kukamatwa akivua kwenye shamba la mtu, na hakimu akamwambia asionekane tena upande wa pili wa lango lolote, vinginevyo atalala ndani. "Na polisi wa zamu leo ni shemeji yangu," alisema. "Huyo ananitafutia sababu tangu siku ya mahari."

"Mahari gani? Ulimpelekea kuku aliyekufa."

"Alikufa njiani, Dada Ivy! Aliondoka nyumbani mzima."

"Ndoano," Verna alisema.

Wakamtazama.

"Hakimu alisema usionekane wewe. Hakusema kitu kuhusu ndoano."

Leston alikwenda kwenye gari lake akarudi na fimbo ya kuvulia samaki wakubwa. Alisimama kati ya meza na televisheni, akarusha. Mara ya kwanza alishika mto wa kochi, wakaupoteza, ukaelea ukaingia ukutani. Mara ya pili alishika rimoti. Ivy akasema kwa uvuvi huo si ajabu watoto wake ni wembamba. Mara ya tatu ndoano ikakamata mdomo wa kikapu. Alikivuta taratibu mpaka kwenye lango, Verna akalala kifudifudi, akapitisha mkono kati ya mabomba, akachota.

Ivy alifumbua kinywa kama mtoto anayepewa dawa. Akafunga macho. Kobe akapanda jiwe, akashuka. Kisha Ivy akatema kwenye kitambaa.

"Bado." Akachota chembe nyingine, akaiweka kwenye ulimi wa Verna kwa kidole chake mwenyewe. "Usimeze. Unaisikia wapi?"

"Nyuma. Chini ya masikio."

"Hiyo ndiyo bado. Kaa nayo hapo, ifahamiane na wewe. Haya, tema."

Verna akatema. Leston akakirusha kikapu majini kwa fimbo, kikakaa mahali pake.

Saa kumi na moja gari la nyumba ya wazee lilipiga honi nje. Ivy alimwambia dereva aende zake. Muuguzi akapiga simu ya Leston, akauliza kuhusu dawa za jioni, Ivy akasema ziko mkobani na asimsumbue, yuko mtoni. Muuguzi akauliza mto gani. "Wa nyumbani," Ivy akasema, akakata. Alilala kwenye kitanda cha Verna akikoroma juu ya sauti ya maji.

Asubuhi Leston alivua kikapu. Ivy akaonja, akatema, akampa Verna. "Je?"

"Imesogea. Iko katikati ya ulimi."

"Bado."

Wakala mkate wa dukani, wakangoja. Ivy alisinzia kwenye kiti chake, na Verna akawa anamwangalia kifua kikipanda na kushuka, akikosa kukiona anamgusa goti. Kila alipoguswa Ivy alisema, "Sijafa, niache." Mchana walivua tena. Ivy akaonja. Verna aliinua kitambaa kumwekea chini ya kidevu. Ivy alisukuma kitambaa kando, akameza.

"Njoo," alisema.

Aliweka chembe kwenye ulimi wa mdogo wake. Verna akafumba macho. Uchungu haukuwapo. Palikuwa na mahali ulipokuwa, kama kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi na bado kina joto.

"Hiyo," Ivy alisema. "Ukisubiri hata hilo joto liishe, umechelewa. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sema tena nione."

"Hiyo, Dada."

Leston alifungua kikapu pale pale kwenye lango, wakachota unga wote kwa mikono kati ya mabomba mpaka kikabaki kitupu. Waliukanda unga, wakaufunga kwenye majani ya tangawizi-mwitu, wakauoka juu ya kikaango. Ivy alikula vipande vitatu, akasema umekosa majivu, kikaango si moto. Akala cha nne. Gari lilipokuja tena hakubishana. Alimwomba Leston amsukume mara moja mpaka kwenye lango, akapitisha mguu wake mmoja chini ya bomba la mwisho, akauloweka kidogo, kisha akasema twende.

Jioni Sal alishuka na kijito akiwa bado na shati la harusi. Alitoa mfukoni lozi za sukari nyeupe zilizofungwa kwenye kitambaa cha wavu, kama zinavyogawiwa harusini kwao, akampa Verna juu ya lango. Verna akampa kipande cha mkate. Sal alivua kofia, akala amesimama majini.

"Hauna chumvi," alisema. "Lakini ni mzuri. Nimesikia mlinitafuta. Ungenipigia wewe mwenyewe ningeacha ngoma nikaja, haki ya Mungu."

"Simu yangu iko nyuma yako."

Sal aligeuka, akaiokota kwenye kochi, akaipangusa kwa shati lake la harusi, akampa.

"Sal," Verna alisema. "Niachie ufunguo."

Sal aliutoa mfukoni. Aliutazama kiganjani kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba kama si bima angeulaza mkononi mwa Verna, na kwamba kama bima isingekuwapo kingepatikana kitu kingine.

"Mwakani niambie mapema," alisema. "Nitaandika kuomba ruhusa. Watakupa labda Jumatano asubuhi."

Alitikisa kufuli mara mbili kuhakikisha limeshika, akamtakia usiku mwema, akaenda zake kati ya nyasi.

Dada mkubwa alifariki majira ya baridi. Tangu siku ile jina lake halitajwi, ndivyo wanavyofanya watu wake, na hapa pia litaachwa. Barua ya ruhusa haikuja. Mti ulizaa tena maganda mengi, ukayaangusha upande wa malisho, na Leston akayavua moja moja, sasa bila kugusa kochi.

Siku moja asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha huko juu, Verna alikaa kwenye kiti cha jikoni, akapitisha mkono kati ya mabomba, akachota chembe kikapuni, akaiweka ulimini. Alifumba macho. Leston alisimama pembeni na fimbo mkononi.

Verna akatema.

"Bado," alisema, naye Leston akakirudisha kikapu upande wa pili.